Mapenzi ya kupaliwa: namna ya kusoma riwaya ya kijasusi isiyo na haraka

Swali: Nimeazimwa riwaya ya Kiingereza yenye kurasa 480. Inahusu binti aliyepelekwa Ufaransa mwaka 1943 kurusha ujumbe kwa redio ya siri, na afisa aliyemfundisha kazi hiyo London. Nimefika ukurasa wa 170 na hawa wawili hawajashikana hata mkono. Kurasa nzima nzima zinaeleza misimbo, redio na mbalamwezi. Mimi nimekulia kwenye riwaya zetu za kijasusi ambazo ukurasa wa tano mtu ameshapigwa risasi. Aliyeniazima anasema hajawahi kusoma kitabu kitamu kama hiki. Nakosea wapi? Niruke kurasa? (Msomaji wa kike, Tanga)

Jibu: Dada, usiruke. Hizo kurasa za misimbo na redio ndizo kurasa za mapenzi. Ukizipita, utafika ukurasa wa 300 uwakute wameshikana mkono na usihisi kitu, kwa sababu hutajua mkono ule umegharimu nini.

Unajua wali unavyopaliwa. Maji yakishakauka, moto wa chini unapunguzwa, makaa yanapandishwa juu ya kifuniko, na chungu kinaachwa. Anayefunua kila dakika anautoa wali haujaiva. Riwaya ya aina hii inapikwa hivyo hivyo: moto wa chini ni watu wawili wanaopendana, makaa ya juu ni sheria za kazi yao. Katika riwaya za mapenzi za kawaida, wapenzi hutenganishwa na wazazi, mahari, cheo, au barua iliyopotea. Hapa kinachowatenganisha ni kanuni moja ya ujasusi: mjue mwenzako kidogo iwezekanavyo, maana usichokijua hakiwezi kutolewa kinywani mwako kwa mateso. Majasusi wa Uingereza waliopelekwa Ufaransa waliambiwa wakikamatwa wajitahidi kunyamaza kwa saa 48, ili wenzao wapate nafasi ya kutawanyika. Sasa fikiria: kupenda ni kutaka kumjua mtu, na kazi inasema usimjue. Kila swali dogo, kama "umezaliwa wapi?" au "mama yako yu hai?", ni hatari na ni busu kwa wakati mmoja. Mwandishi anayeijua kazi yake hahitaji kuwakutanisha chumbani mapema.

Ili uonje hayo, unahitaji kuijua kazi yenyewe kidogo. Idara waliyoitumikia watu wa riwaya kama yako iliitwa Special Operations Executive, kwa kifupi SOE. Iliundwa Julai 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, makao yake yakiwa Baker Street, London. Kitengo cha Ufaransa kiliongozwa na Maurice Buckmaster, na Vera Atkins ndiye aliyewaandaa na kuwasindikiza wengi wa wanawake waliokwenda. Wanawake 39 wa kitengo hicho walipelekwa Ufaransa, 13 hawakurudi. Tarakimu hizo ziweke kichwani unaposoma. Mwandishi anazijua, na kila anapowaacha wawili hao waagane bila kusema neno, anakutegemea na wewe uzijue.

Anza na majina, maana ndipo wasomaji wengi hupotea. Jasusi mmoja alikuwa na majina matatu au manne. Mfano ulio wazi ni Noor Inayat Khan, binti wa baba Mhindi, mrusha redio wa kwanza mwanamke aliyepelekwa na kitengo hicho Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani. Wenzake wa huko walimjua kama Madeleine. Vitambulisho vyake vilisema ni Jeanne-Marie Renier, yaya wa watoto. Kwenye mawasiliano na London aliitwa Nurse. Chukua karatasi, uigawe safu tatu: jina la kuzaliwa, jina la kazi, jina la vitambulisho. Mbele ya kila mtu andika nani anajua lipi. Karatasi hiyo iweke ndani ya kitabu, uijaze kadiri unavyosoma. Siku mtu atakapomtajia mwenzake jina lake la kuzaliwa, utaona kwa macho yako safu ikivunjwa. Katika riwaya za namna hii, hilo huwa na uzito kuliko kitanda.

Sasa misimbo. Kiswahili kimetupa maneno mazuri hapa, kufumba na kufumbua, na msomaji aliyezoea kusoma jina la kanga analolivaa jirani ana mazoezi ambayo Mwingereza wa London hana. Majasusi wa SOE walifumba ujumbe kwa kutumia shairi walilolihifadhi kichwani. Walichagua maneno matano ya shairi hilo, wakazipa herufi zake namba kwa mpangilio wa alfabeti. Tufanye kwa maneno mawili tu uone. Tuseme shairi lina maneno PWANI NJEMA. A ya kwanza inapata 1, A ya pili 2, E 3, I 4, J 5, M 6, N mbili zinapata 7 na 8, P 9, W 10. Ukizirudisha mahali pake unapata 9-10-1-7-4-8-5-3-6-2. Chini ya namba hizo unaandika ujumbe wako kwa mistari ya herufi kumi kumi, mathalani NIMEFIKA SALAMA LETENI NGUO. Kisha unazisoma safu kutoka juu kwenda chini kwa kufuata namba: safu ya 1 inatoa MMU, ya 2 inatoa AI, ya 3 AE, na kuendelea. Kinachotoka, ukikigawa kwa matano matano, ni MMUAI AEFLK TSNEA OIENL NIAG. Halafu unarudia kazi yote mara ya pili juu ya matokeo hayo. Kalamu, karatasi, mshumaa, na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wanapita mtaani.

Ijaribu hata mara moja mezani kwako. Utaelewa kinachoharibika: binti akikosea kidogo tu, akaandika MWEMA badala ya NJEMA, safu kadhaa zinahama na London inapokea uchafu. Ujumbe wa namna hiyo ulikuja kwa wingi. Leo Marks, kijana aliyekuwa mkuu wa misimbo wa SOE, alishikilia kwamba jasusi asiambiwe kurudia kurusha, kwa sababu kurudia ndiko kunakomkamatisha. Basi wasichana wa kituo cha redio cha SOE cha Grendon Underwood, Uingereza, walikaa usiku kucha wakijaribu makosa yanayowezekana, moja baada ya jingine, mpaka ujumbe ufumbuke. Kama riwaya yako ina mtu London anayekesha juu ya ujumbe mbovu wa binti huyo, dada, hiyo ni sura ya mapenzi. Isome polepole.

Kuna kingine kwenye shairi. Mashairi maarufu yalikuwa hatari, kwa sababu adui msomi naye anayajua: akishalitambua, anafumbua ujumbe wote wa nyuma na wa mbele. Kwa hiyo Marks aliwatungia majasusi mashairi mapya yasiyochapishwa popote. Moja alilompa jasusi Violette Szabo mwaka 1944 alikuwa amelitunga kwa ajili ya msichana aliyempenda mwenyewe, Ruth, aliyekufa kwenye ajali ya ndege huko Kanada. Kwa hiyo afisa wa riwayani anapomtungia binti shairi, hata la mistari minane, anampa silaha na anampa moyo wake kwa karatasi moja, na anaweza kudai ni kazi tu. Na shairi lina ubaya: liko kichwani, linaweza kutolewa kwa mateso. Ndiyo maana baadaye majasusi walipewa funguo za kufumbia ujumbe zilizochapwa kwenye kitambaa cha hariri. Hariri haitoi sauti mtu akipapaswa, inashonwa ndani ya bitana ya koti, na kila ufunguo ukishatumika unakatwa na kuchomwa. Hakuna cha kukumbuka, hakuna cha kuungama. Riwaya nzuri itakuonyesha siku ya kubadilishana: anapokea hariri na kutakiwa kulisahau shairi. Angalia kama analisahau.

Umesema hawajashikana mkono. Hapo nakukatalia. Katika Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari inayogongwa kwenye redio, kila mrusha ujumbe ana namna yake ya kugonga: nukta fupi mno, mstari unaovutwa, pumziko kabla ya herufi fulani. Watu wa kazi hiyo huiita mkono wa mtu. Wasikilizaji wa London waliutambua mkono wa jasusi kama mama anavyomtambua mwanawe kwa kikohozi. Kama afisa wako anakaa karibu na msikilizaji saa ya miadi ya redio, ujue kwamba mkono wa binti yule ameushika tangu sura ya saba.

Lakini mkono huweza kuigwa, na hapa ndipo riwaya nyingi huweka bomu lake. Kila jasusi alipewa alama mbili za usalama, kwa mfano kosa la makusudi kwenye herufi fulani ya ujumbe. Moja ilikuwa ya kuwapa Wajerumani akiteswa. Ya pili, ya kweli, alitakiwa aifiche. Ujumbe ukija bila alama ya kweli, maana yake amekamatwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba London yenyewe ilipuuza alama hizo mara kadhaa. Uholanzi, kuanzia 1942, Wajerumani waliziendesha redio walizozikamata na wakawapokea zaidi ya majasusi 50 mmoja baada ya mwingine, wakitua moja kwa moja mikononi mwao. Kwa hiyo weka alama ya penseli kwenye ukurasa ambapo binti anafundishwa alama zake. Pengine ni karibu na ukurasa wa 60 na ulipita ukipiga miayo. Mbeleni kuna uwezekano mkubwa wa ukurasa ambao ujumbe unafika bila alama, mkubwa wa kazi anasema "amesahau tu", na mtu mmoja chumbani anajua kwamba hakusahau. Bila ukurasa wa 60, huo wa mbele ni mazungumzo ya ofisini.

Redio yenyewe ilikuwa ndani ya sanduku la safari, uzito wake kama kilo 15, na waya wa antena wa mita 20 hivi uliotakiwa kutandazwa mahali. Mbebe binti huyo akilini: sanduku halitakiwi kuonekana zito, kwa hiyo hawezi kubadilisha mkono kila hatua kumi. Magari ya Wajerumani ya kunasa mawimbi yalizunguka, na mjini walizima umeme mtaa kwa mtaa ili wajue redio inazima wapi. Kwa sababu hiyo mrushaji alitakiwa amalize ndani ya dakika chache na asirudi nyumba ile ile. Mwandishi akimfanya abaki dakika tano zaidi, uliza kwa nini. Jibu huwa ni mtu.

Mbalamwezi unayolalamikia ndiyo saa ya kitabu kizima. Ndege ndogo za Lysander, zenye injini moja, zilitua usiku kwenye malisho zikiongozwa na taa tatu za mkononi zilizopangwa kama herufi L, na rubani alihitaji mwezi ili aone mito na reli. Safari hizo zilifanyika katika wiki moja kabla na wiki moja baada ya mwezi mpevu. Noor alitua usiku wa kuamkia 17 Juni 1943. Mwezi ulipevuka tarehe 18. Mtu wa pwani anayehesabu bamvua na kungojea mwandamo hahitaji kuelezwa zaidi. Nusu moja ya mwezi mtu anaweza kuja au kuondoka, nusu nyingine milango imefungwa. Andika tarehe za sura pembeni na uone mwezi ulikuwa wapi. Utagundua wawili hao hukaribiana giza linapoingia, wakati hakuna ndege inayoweza kuwatenganisha.

Kuna mambo madogo ambayo msomaji wa Tanga ataonja vizuri kuliko wengine. Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi, Ufaransa kulia. Jasusi anayevuka barabara ya Paris akaangalia kwanza upande wake wa kulia, kama wewe unavyofanya ukitoka sokoni, amejitangaza. Wanawake wa Ufaransa wakati ule hawakuwa na mgao wa tumbaku. Binti akiwasha sigara mkahawani anavuta macho. Ukikuta afisa wa riwayani anamkosoa binti kwa vitu hivi kwa ukali usio wa kawaida, usimwone katili. Hiyo ndiyo lugha pekee ya kusema "nataka urudi" ambayo kazi imemruhusu.

Lugha ya Kifaransa nayo ina mlango mwingine. Wanaozungumza Kiswahili wa Lubumbashi au Bukavu wanaujua: kuna "vous" ya heshima na ya umbali, na kuna "tu" ya watu wa karibu. Kiingereza hakina tofauti hiyo, hivyo waandishi wengi husema tu kwamba "alimwita kwa neno la karibu", au huliweka neno lenyewe la Kifaransa kama lilivyo. Ni neno dogo sana, usilipite. Ni sawa na mtu aliyekuwa anakuita "Bibi" siku zote, leo akakuita kwa jina ulilokuwa ukiitwa nyumbani.

Kuhusu mwendo wa kusoma: kitabu hiki hakimezwi kwa usiku mmoja. Kurasa 30 hadi 40 kwa mkao mmoja zinatosha, na usisimame mwisho wa sura kama ulivyozoea. Riwaya zetu za mbio huweka mshtuko mwishoni ili usilale. Hizi za kupaliwa huweka mzigo katikati ya sura, mara nyingi kwenye sentensi isiyo na kelele: amemwachia kipande chake cha mkate, amekumbuka kwamba hanywi kahawa. Simama baada ya sentensi ya namna hiyo, ulale nayo.

Wengine watakushauri usijue historia kabla ya kumaliza. Sikubaliani nao. Ujue tarehe. Mtandao mkubwa wa majasusi wa Paris ulioitwa Prosper ulivunjika mwishoni mwa Juni 1943. Kiongozi wake, Francis Suttill, alikamatwa tarehe 24. Wanajeshi wa Washirika walitua Normandy 6 Juni 1944, na Paris ikakombolewa Agosti. Kama riwaya yako imemtua binti Paris wiki hiyo ya Juni, mwandishi amekuwekea saa ukutani. Raha ya riwaya hizi haipo katika kujiuliza nini kitatokea. Ipo katika kujiuliza kama watasemezana kabla. Ila maelezo ya mwandishi yaliyo mwisho wa kitabu usiyafungue kwanza, kwa sababu humo hutajwa nani wa kweli na nani wa kubuni, na nani alikufa.

Sasa, yako mapishi ambayo hayaivi kwa sababu moto haujawashwa, na hayo nisingependa uyavumilie. Kuna kipimo. Kufikia theluthi ya kitabu, kwako ni ukurasa wa 160, angalau mambo mawili kati ya haya yawe yametokea: mmoja anajua jambo la mwenzake linaloweza kumuua, mmoja amevunja kanuni ndogo ya kazi kwa sababu ya mwenzake, mmoja amemficha mkubwa wake kitu ili kumlinda mwenzake. Kama hakuna hata moja, ni watu wawili wanaokaa kimya tu. Rudisha kitabu bila aibu. Dalili nyingine mbaya ni majina ya kweli kutajwa mkutano wa pili bila yeyote kuogopa, au busu la kuwahadaa askari wa doria likitumika kama njia ya mkato ya mwandishi aliyechoka kusubiri. Busu hilo linakubalika mara moja, na tu kama linawaacha wote wawili wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Ukidhani kungoja huko ni chumvi ya waandishi, mtazame Pearl Witherington, jasusi wa SOE. Mchumba wake, Henri Cornioley, alikuwa Mfaransa. Vita viliwatenganisha, Henri akawa mateka wa Wajerumani kisha akatoroka. Pearl aliruka kwa mwamvuli Ufaransa Septemba 1943 na wakakutana tena, kazini. Mkuu wa mtandao wao alipokamatwa Mei 1944, Pearl alichukua uongozi wa kundi lake la wapiganaji, Henri akiwa chini yake. Walioana London Oktoba 1944. Odette Sansom, jasusi mwingine wa SOE, naye alikamatwa pamoja na mwenzake wa kazi Peter Churchill, Aprili 1943, karibu na Annecy. Akawaambia Wajerumani kwamba ni mume na mke, na kwamba Peter ni ndugu wa Winston Churchill, jambo lisilo la kweli, ili wawe na thamani zaidi wakiwa hai. Waliunganishwa na uongo uliosemwa mbele ya Gestapo, na mwaka 1947 wakaoana kweli, kisha baadaye wakaachana.

Kwa hiyo leo usiendelee na ukurasa wa 171. Rudi pale binti anapofundishwa kuchagua shairi lake, na usome tena nani mwingine alikuwa chumbani, alisimama wapi, na kama alisema neno.